Samaki Mmoja Akioza

Methali isemayo ya kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza twaisikia kila siku, na watu waitumia kama hukumu iliyokwisha kukatwa na wazee, isiyohitaji shahidi. Mtoto mmoja akiiba, nyumba yao yaitwa nyumba ya wezi. Mwalimu mmoja akilewa, walimu wote ni walevi. Siku hizi twaisikia zaidi juu ya watu wa namna moja, nao ni mashabiki wa mpira wa miguu, hasa wale wa kindakindaki, ambao kwao timu si mchezo wa jioni tu bali ni kama ukoo. Pakizuka ghasia kiwanjani husemwa, "Ndivyo walivyo," na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twataka kuyaanza pale yanapoishia. Je, kundi zima la watu laweza kuwa na hatia, au hatia ni ya mtu mmoja mmoja?

Yamkini wako wasomaji watakaodhani ya kuwa swali hili ni dogo, nalo lawahusu vijana wasio na kazi. Si dogo. Watu wengi wamekufa viwanjani, na si wote waliouawa na wahuni. Wengine waliuawa na hukumu ya watu wenye heshima, waliokwisha kuamua mapema ya kuwa walio mbele yao si watu bali ni kundi la wanyama. Jambo hilo tutalionyesha.

Kwanza tuwatazame watu tunaowasema. Hapa Wambaa, katika wilaya ya Mkoani, upande wa machweo wa kisiwa cha Pemba, watu wetu ni wavuvi na wakulima, na mali yetu ni bahari na karafuu. Bahari yatutenga na Dar es Salaam, lakini haikuyazuia mapenzi ya timu za huko. Timu ya Young Africans, ambayo kila mtu huiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walifarakana na wenzao wakaunda timu yao, nayo baada ya kubadili jina mara kadha wa kadha ikaitwa Sunderland, na tangu mwaka 1971 yaitwa Simba. Kijana wa Pemba asiyepata kuvuka maji aweza kukutajia wachezaji wa timu hizi kuliko majina ya babu zake. Siku ya mechi utamwona amevaa kijani na manjano, au nyekundu na nyeupe, naye haongei jambo jingine tangu alfajiri.

Wazee wengi hawapendezwi na hayo, wala hatuwezi kusema ya kuwa wanaonea bure. Wasikia matusi yakiimbwa mbele ya watoto. Waona kijana aliyekosa nauli ya kumpeleka mama yake hospitali akipata nauli ya kwenda mpirani. Tena wamesikia habari za ghasia, nazo ni za kweli. Tarehe 1 Oktoba 1916 isingeweza kutupa habari hizo, maana timu zenyewe hazikuwapo, lakini miaka 100 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga walikutana katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam. Mchezaji wa Yanga alifunga bao ambalo watu wa Simba walisema aliushika mpira kwa mkono, na nahodha wa Simba akatolewa kwa kadi nyekundu. Baadhi ya mashabiki wa Simba wakaghadhibika, waking'oa viti na kuvitupa. Viti vile vilinunuliwa kwa fedha ya umma, na hapana atakayesema ya kuwa kuvivunja ni ushabiki.

Hata hivyo viti si roho za watu. Liko jambo zito kuliko hilo. Huko Misri, katika mji wa Port Said, tarehe 1 Februari 2012, timu ya Al Masry iliwashinda Al Ahly wa Cairo kwa mabao 3 kwa 1. Mara mechi ilipokwisha watu wa upande ulioshinda waliingia kiwanjani, wakawashambulia mashabiki wa Al Ahly, na watu zaidi ya 70 wakafa. Wengine walipigwa, wengine walikanyagwa penye mlango uliofungwa. Basi asituambie mtu ya kuwa mashabiki hawana makosa kamwe, na ya kuwa maovu yao yote ni uzushi. Mikono ya mashabiki imepata kumwaga damu. Twaanza kwa kulikubali hilo, ili msomaji asidhani ya kuwa twawatetea waovu.

Lakini tuangalie jinsi jicho la watu linavyofanya kazi. Likiona kundi lenye rangi moja, halioni tena nyuso. Kijana wa Wambaa aliyevaa fulana nyekundu huenda ni yule yule aliyelibeba jeneza la jirani jana, akamsaidia mjane kuanika karafuu zake juzi. Kwa muda ule ameivaa fulana ile, hayo yote yamefutika, naye ni mmoja wa "wale". Na neno "wale" ni neno la hatari. Mtu akiitwa kwa jina lake twamwuliza alifanya nini. Mtu akiitwa "wale" hatumwulizi neno, kwa sababu twadhani ya kuwa jibu tunalo.

Madhara ya jicho hili yalidhihirika wazi kabisa huko Uingereza, katika habari za timu moja na miaka minne tu, na kwa hiyo twaomba msomaji atufuate huko kidogo. Tarehe 29 Mei 1985 timu ya Liverpool ilikwenda Brussels, katika uwanja wa Heysel, kucheza na Juventus ya Italia. Kabla ya mchezo kuanza mashabiki wa Liverpool waliwarukia mashabiki wa upande wa pili, watu wakakimbilia penye ukuta, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39, wengi wao Waitalia. Uovu ule ulikuwa wa kweli. Watu 14 walitiwa hatiani mahakamani, na wakuu wachache wa Ubelgiji nao walihukumiwa kwa uzembe wao. Lakini watu hawakutosheka na wale 14. Timu zote za Uingereza zilizuiwa kucheza katika mashindano ya Ulaya kwa miaka 5, na Liverpool kwa miaka 6, na jina la shabiki likawa kama jina la mnyang'anyi. Katika viwanja vingi vya nchi ile mashabiki walikuwa wakitiwa ndani ya uzio wa chuma, kama ng'ombe zizini, ili wasipate kutoka.

Sasa tazama yaliyofuata. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool hao hao walicheza na Nottingham Forest katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Watu walisongamana nje. Askari wakaamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe, na watu wengi wakaingia kwa pamoja katika sehemu iliyokwisha kujaa. Mbele yao palikuwa na ule uzio wa chuma. Waliokuwa mbele walibanwa juu ya vyuma mpaka pumzi zikawatoka. Waliokufa, pamoja na wale waliokufa baadaye kwa madhara ya siku ile, ni watu 97, na wengi wao walikuwa vijana na watoto.

Je, watu walisemaje? Walisema, "Ndivyo walivyo." Wakubwa wa askari walisema ya kuwa mashabiki walilivunja lango, na ya kuwa walikuwa wamelewa. Gazeti moja kubwa likaandika ya kuwa waliwaibia maiti. Hayo yote hayakuwa kweli, lakini yaliaminiwa upesi, na sababu yake twaijua. Wenye kuyasikia walikuwa wameikumbuka Heysel. Hatia ya watu 14 ilikuwa imetandazwa juu ya mji mzima, hata mtu wa mji ule alipokufa hakuhesabiwa kuwa amefiwa na wake, bali alihesabiwa kuwa amejiua mwenyewe. Wazazi wa marehemu walidai haki kwa miaka 27. Hata mwezi wa Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka ya kuwa watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na ya kuwa mashabiki hawakuwa na kosa lililoleta msiba ule. Wengine katika wale wazazi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kulisikia neno hilo.

Ndiyo maana tulisema ya kuwa hukumu ya watu wema nayo yaua. Uzio ule haukujengwa na wahuni. Ulijengwa na watu wenye nia njema, waliotaka amani. Lakini walikuwa wakifikiri juu ya wanyama, na mnyama hatengenezewi njia ya kuokolewa.

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Tarehe 9 Mei 2001, katika mji wa Accra nchini Ghana, Hearts of Oak waliwashinda Asante Kotoko, na baadhi ya mashabiki wa Kotoko wakaanza kutupa viti. Askari wakajibu kwa kuutupia umati mabomu ya machozi. Watu wakakimbilia milangoni, wakakuta milango imefungwa, wakafa 126. Tuulize: waliokufa ndio waliotupa viti? Hapana ajuaye, na hapana aliyepata nafasi ya kuuliza. Moshi haumchagui mtu. Huo ndio mfano ulio wazi wa kuiadhibu rangi badala ya mkono. Na hata katika ile habari ya 2016 Dar es Salaam, ingawa hapakutokea msiba wa namna hii, Serikali ilizizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule, hata Yanga, ambao si watu wao waliong'oa viti. Sababu za Serikali kuulinda uwanja zafahamika. Lakini hapo pia twaona jinsi ilivyo rahisi kulifungia kundi lote, na ilivyo vigumu kumtafuta mtu mmoja.

Hapa atainuka msomaji mwenye busara atuambie hivi: "Mwasema kana kwamba kundi ni jumla ya watu tu. Sivyo. Mtu akiwa katika kundi hugeuka. Yule aliyembeba jirani yake jana hatatupa jiwe akiwa peke yake, lakini atalitupa akiwa na wenzake elfu. Basi kundi lenyewe ndilo lenye kosa." Neno hili ni zito, nasi twalikubali nusu. Ni kweli ya kuwa kundi humpa mtu ujasiri asio nao, na humfunika uso. Wasomaji waikumbuka habari ya mji wa Efeso katika Matendo ya Mitume, jinsi watu walivyojaa katika uwanja wa michezo wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika kwao. Hilo ni shauri la kila umati, tangu wakati ule hata leo.

Lakini tazama yule karani wa mji alifanya nini. Hakuwaita askari wawapige wote. Aliwanyamazisha, akawaambia ya kuwa kama mtu fulani na wenzake wana neno juu ya mtu fulani, mahakama ziko wazi, na waende wakashtakiane huko. Kwa maneno yale alilivunja kundi likarudi kuwa watu, kila mmoja na jina lake na dai lake. Kisha wakaenda zao nyumbani. Hiyo ndiyo dawa. Ikiwa ubaya wa kundi ni kuuficha uso wa mtu, dawa yake ni kuurudisha uso ule, wala si kuwafunika wote kwa gunia moja. Anayesema "ndivyo walivyo" afanya kazi ile ile ya mhuni: naye pia auficha uso wa mkosaji, kwa maana ikiwa wote ni waovu, mwovu mwenyewe hana tofauti na mwenzake, na hana sababu ya kuona haya.

Basi hatia tuigawanyeje? Kwa fikira zetu iko ya namna nne. Ya kwanza ni ya mkono uliotupa jiwe au kupiga. Hii ni kubwa, nayo yapasa kwenda mahakamani kwa jina la mtu. Ya pili ni ya kinywa kilichochochea. Mkubwa wa kundi aliyeongoza wimbo wa kutaka damu hawezi kusema, "Mimi niliimba tu." Ya tatu ni ya jicho lililoona likanyamaza, mtu aliyemjua mkosaji akamficha kwa kuwa wavaa rangi moja amejitwalia sehemu ya kosa ambalo hakulitenda. Na ya nne ni ya mwenye ufunguo, yaani yule aliyepewa kazi ya kuwalinda watu, akauza tikiti kupita kiasi, au akaufunga mlango, au akasimama akitazama. Katika Port Said mahakama haikuwahukumu mashabiki tu. Maofisa wa askari nao walitiwa hatiani. Lakini mtu aliyekuja na fulana yake, akaimba, akalia timu yake iliposhindwa, akarudi kwake, huyo hana hatia yoyote, na anayemtia hatiani amwonea.

Imebaki kusema neno juu ya matusi na ushindani wenyewe. Wako wasemao ya kuwa watu wenye dini na adabu hawana budi kuyakomesha mashindano haya yote, maana chuki haikosi kuzaa vita. Sisi twaona ya kuwa wazee wetu walikuwa na maarifa zaidi. Waliijua njia ya kushindana pasipo kuuana, nayo yaitwa utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja aweza kumtukana mwenzake hadharani asikasirike, lakini pakiwa na msiba, mtani ndiye afikaye kusaidia na kuwafariji wafiwa. Utani una mipaka: wajulikana wapi waanza na wapi waisha. Na huko Unguja, katika mji wa Makunduchi, kila Mwaka Kogwa watu wa pande mbili huchapana kwa vigogo vya migomba, kisha hupatana na kula pamoja. Mgeni akiona atasema ni vita. Mwenyeji ajua ya kuwa silaha imechaguliwa, mahali pamechaguliwa, na mwisho wake wajulikana kabla ya kuanza.

Si bure basi kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na ya kuwa huko Nairobi mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mechi ya mashemeji. Watu wenyewe waliyachagua majina hayo, na jina ni ahadi. Mtani hamng'olei mtani wake jino. Shemeji hamtupii shemeji yake chupa. Shabiki akivunja mpaka huo, hakuzidisha ushabiki, ameuacha. Tungependa wakubwa wa matawi ya mashabiki wawafundishe vijana wao neno hilo, kwa sababu vijana huwasikiliza wao kuliko wanavyotusikiliza sisi walimu.

Na wazee wa vijiji vyetu twawaomba jambo moja. Siku nyingine mkisikia ya kuwa pametokea ghasia mpirani, msiulize, "Ni wa timu gani?" Ulizeni, "Ni nani?" Swali la kwanza lazaa adui elfu, na vijana elfu wasiokuwa na kosa wataona ya kuwa wema wao haukuwafaa kitu. Swali la pili lampata mtu mmoja, nalo lawaachia wengine heshima yao, ili wawe na kitu cha kukilinda.

Juu ya ile methali, twadhani ya kuwa ilitungwa ili kutuonya tuangalie mapema, wala si kutupa ruhusa ya kutupa kila kitu. Wavuvi wa Wambaa waijua maana yake. Mvuvi akifika pwani na tenga lake, akasikia harufu, hamwagi samaki wote baharini. Huinama, huwapindua mmoja mmoja kwa mkono wake, humtoa yule aliyeoza, na waliobaki hupelekwa mnadani. Ni kazi yenye kuchosha, tena yanuka. Lakini asiyetaka kuifanya watoto wake watalala na njaa, na samaki wazima aliowatupa hawatakuwa na kosa lolote ila lile la kuwamo katika tenga moja.